Bonde Chini ya Shamba la Karanga

Uvungu wa kitanda haumwonei mtu haya. Ukidondosha kifungo cha shati kikaviringika hadi kule kwenye vumbi, hakitakuuliza kama wewe ni waziri au mpishi. Kitakaa palepale mpaka upige magoti. Unaweza kusimama wima ukakikaripia, unaweza kuutuma ufagio, unaweza hata kujidanganya kwamba shati linapendeza bila kifungo. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walikuwa na maana kwamba kilicho chini hakipatikani kwa cheo wala kwa njia ya mkato, bali kwa kujishusha na kukubali kuchafuka. Wapo wanaolielewa jambo hili utotoni. Mwanamke wa hadithi hii alilielewa akiwa na miaka arobaini na miwili, shahada tatu zikining'inia ukutani, na hilo ndilo linalomwongezea heshima.

Kazini walimwita Sentimita. Jina hilo alilipewa na vibarua wa nyikani, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona uso ila walizisoma barua zake kali. Alikuwa mkuu wa upimaji na uchakataji katika kampuni iliyotafuta mafuta chini ya ardhi, na kazi hiyo, ukiivua maneno yake makubwa, ni kupiga picha ya mahali ambapo jicho halifiki. Magari mazito yenye bamba la chuma tumboni hulishusha bamba hilo na kuitetemesha ardhi. Mtetemo huzama kilomita mbili au tatu, hugonga tabaka za miamba, kisha hurudi juu kama mwangwi. Huku juu unasubiriwa na maelfu ya vinasa-mtetemo, vikopo vidogo vyenye mwiba wa chuma, vilivyochomekwa ardhini kando ya vigingi, mstari baada ya mstari, mpaka nyika nzima inafanana na karatasi ya hesabu. Mwangwi wote huingia kwenye kompyuta, husafishwa, hupangwa, na baada ya miezi michache hutoka picha ya pande tatu ya ulimwengu wa chini.

Mpango wa upimaji ule aliuchora yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, ghorofa ya nne, kiyoyozi kikimpuliza kisogoni. Kila kigingi kilikuwa na namba yake na mahali pake. "Mstari ni mstari," alizoea kusema, na watu wakaacha kubishana naye. Alibuni hata fomu ya kompyuta iliyokubali vigingi vilivyokaa mahali pake tu. Kiongozi wa kikosi akijaribu kuandika kwamba kigingi kimesogezwa, fomu iligeuka nyekundu na kumwambia, "Sahihisha." Aliionea fahari fomu ile kama mzazi anavyomwonea fahari mtoto aliyeshika namba moja.

Picha ilipotoka, ilikuwa ya kupendeza. Chini kabisa, kwenye tabaka waliyoitafuta, palionekana kuba la mwamba kama sufuria iliyopinduliwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Hupanda, na yakikuta sufuria ya namna hiyo hunasa chini yake. Lakini bega la mashariki la kuba lile lilikuwa limebonyea. Palikuwa na bonde jembamba lililoshuka hadi ukingoni. Kama bonde lilikuwa la kweli, basi sufuria ilikuwa imetoboka na mafuta yalikwisha kuvuja kabla binadamu hajajua kuwasha moto, na eneo lote lilipaswa kuachwa. Kama halikuwa la kweli, mafuta huenda yangali yapo.

Jumatano moja asubuhi, Mkurugenzi aliitazama picha ile akakunja uso. Baada ya wiki mbili kamati ya wenye kibali cha utafutaji ingekaa kuamua: kuchimba kisima au kufungasha.

"Kompyuta yako inaweza kulilainisha hili?" aliuliza, akigusa bonde kwa ncha ya kalamu.

"Inaweza. Inaweza kulainisha chochote."

"Basi lipige pasi. Tukachimbe."

"Nikilipiga pasi, kilele cha kuba kinahamia mashariki. Tutachimba mahali ambapo mimi mwenyewe sipaamini. Na kisima tutapewa kimoja tu."

"Dada, wajumbe wanataka picha. Hawataki mashaka."

"Huko ni kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema Sentimita. "Nipe hizo wiki mbili. Nitakwambia bonde lipo au halipo."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka humfanya hata mwema afanane na mbaya. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Unazo. Lakini siku hiyo nataka sahihi yako chini ya picha. Usipotia wewe, nitamtafuta atakayetia."

Sentimita alitoka mle akiwa amekaza uso, lakini moyoni alikuwa na hofu. Miaka kumi na sita jina lake lilikuwa limekaa chini ya picha za kweli tu. Akitia sahihi kwenye uongo, jina hilo lingekuwa wino mtupu. Akikataa bila ushahidi, mwingine angelitia lake, na kisima kimoja walichonacho kingechimbwa pasipostahili.

Alihangaika siku tatu. Alibadilisha hesabu hii, akajaribu ile, akakodolea macho skrini mpaka yakawa mekundu kama pilipili. Bonde halikuondoka. Jumamosi alasiri alimtembelea mama yake, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na hata sasa alishonea majirani kwenye chumba cha mbele, katikati ya vipande vya kitambaa na chaki.

"Mbona uso umekunjamana hivyo?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye mkono wa gauni aliokuwa akiushona. "Nani kakulisha shubiri?"

Binti alimweleza. Hakutumia maneno ya ofisini, alichukua kitambaa, akakibonyeza kwa kidole, akasema, "Hapa panavuta, mama. Na bosi anataka nipapige pasi."

"Fundi mvivu hufanya hivyo. Nguo ikivuta begani anaipiga pasi, inakaa vizuri. Mpaka siku mteja atakapoinua mkono."

"Na fundi hodari?"

"Anafumua. Anarudi nyuma mpaka mshono wa kwanza. Na mara nyingi, mwanangu, anakuta kosa ni lake mwenyewe, tangu siku ya kukata."

"Mimi sikukosea kukata."

"Sijasema wewe," alijibu mama, akikata uzi kwa meno. "Nimesema fundi."

Jumatatu Sentimita aliamua kufumua. Aliiweka kando picha yake nzuri pamoja na hatua zote zilizoizaa, akarudi kwenye rekodi mbichi, zile ambazo hazijasafishwa, zilizojaa mikwaruzo. Kwa kawaida kompyuta huzipitia yenyewe na kuweka alama mahali ambapo kila kinasa kilianza kusikia mtetemo, na hakuna mkuu wa idara anayejisumbua kuzitazama. Yeye alizichapa. Alitandaza makaratasi marefu sakafuni, ukuta kwa ukuta, akavua viatu, akapiga magoti na rula na penseli. Wenzake walipita mlangoni wakamchungulia. Mmoja alimuuliza kama amepoteza hereni. "Nimepoteza zaidi ya hereni," alijibu, na akaendelea. Siku ya kwanza alipitia vinasa elfu moja na mia nne, kimoja kimoja, kwa macho yake. Siku ya pili mgongo ulimuuma hata akashindwa kunyanyua kikombe, lakini alipitia vingine zaidi ya hivyo.

Siku ya tatu aliona kitu. Kwenye mistari minne ya mashariki palikuwa na vinasa mia mbili na kumi na viwili vilivyosikia mtetemo vikiwa vimechelewa, vyote kwa kipimo kilekile, sehemu ndogo ya sekunde ambayo hata kope haiwezi kuifuata. Mtetemo hukimbia kwenye ardhi ngumu na kujikokota kwenye ardhi laini, kama mtu anayetoka barabara ya lami na kuingia kwenye mchanga. Ramani yake ilisema vinasa hivyo vilichomekwa kwenye ardhi ngumu. Vinasa vyenyewe vilisema vilikuwa kwenye tope. Mwangwi unaochelewa huonekana kana kwamba umetoka mbali zaidi, na mahali panapoonekana mbali zaidi kompyuta huchora bonde.

Alimpigia simu kiongozi wa kikosi cha mistari, mwanamume wa miaka hamsini na ushee aliyeitwa Kamba, kwa kuwa hakuonekana popote bila kamba ya kupimia begani.

"Kaka Kamba, vigingi vya mistari ya mashariki viko wapi?"

"Viko kwenye fomu, dada."

"Kwenye fomu naviona. Nauliza ardhini."

Upande wa pili alisikia jogoo akiwika na mtu akikohoa. "Dada," Kamba alisema mwishowe, "jambo hili si la simu. Njoo."

Alhamisi alisafiri kutwa nzima kwa gari la kampuni. Alikuwa hajawahi kuikanyaga ardhi aliyoichora, na ilipofika mbele yake aliona haya kidogo, kama mtu aliyemwandikia mwenzake barua miaka mingi kisha wakakutana. Kamba alimpokea kando ya shamba la karanga lililokwisha kukomaa, majani yake yakianza kupauka. Kushoto kwa shamba ardhi ilishuka taratibu kwenye dimbwi la kale lililokauka, lililojaa nyasi za kimo cha goti.

Kamba alitoa daftari lililofungwa kwa karatasi ya nailoni, akampa kwa mikono miwili. "Mistari yako ilipita katikati ya shamba hili," alisema. "Tulipofika, karanga ndiyo kwanza zilikuwa zimechipua, urefu wa kidole. Mwenye shamba ni mjane, na hana shamba lingine. Watu wangu arobaini wangepita hapa na nyaya, kusingebaki mche. Nikavihamishia vigingi bondeni, kwenye dimbwi. Vyote nimeviandika humo, kwa hatua."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliiambia fomu yako mara tatu. Ikawa nyekundu mara tatu. Nikapiga simu ofisini, nikajibiwa kwamba mstari ni mstari." Alishusha kamba begani, akaiviringisha viganjani bila sababu. "Nikaona basi, nikajaza unavyopenda kusoma. Nifukuze mimi. Wenzangu usiwaguse, amri ilikuwa yangu."

Sentimita aliona aibu, aibu ya moto iliyompanda kutoka kifuani hadi masikioni. Angeweza kumlaumu. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, kwa mwandiko wa mtu mwenyewe, na hakuna ambaye angeuliza swali la pili. Lakini aliikumbuka ile rangi nyekundu aliyoichagua mwenyewe, akakumbuka jinsi alivyocheka siku alipoijaribu mara ya kwanza. Alikuwa amejenga mlango usiopitisha ukweli, kisha akashangaa kwa nini ukweli haujafika.

"Kaka," alisema, "kosa hili nililikata mimi. Wewe umelishona tu. Nisamehe."

Kamba alimtazama kama mtu aliyesikia mbuzi akitoa salamu. "Yaishe, dada," alisema hatimaye. "Lakini daftari halitakutosha. Hatua zangu si sentimita zako."

Alisema kweli. Ilibidi kila kigingi kitafutwe kilipo na kupimwa upya kwa kifaa cha setilaiti. Vigingi vile vilikuwa vimegongwa hadi usawa wa ardhi, vichwa vyake vyenye kibati cha namba vikiwa vimefunikwa na nyasi na tope lililokauka. Havikuonekana kwa mtu aliyesimama. Ilikuwa lazima mtu ainame, agawe nyasi kwa mikono, na kupapasa kwa vidole mpaka akutane na bati.

Wakaanza Ijumaa asubuhi, Sentimita, Kamba na vibarua wanne. Kufikia saa nne Sentimita alikuwa ameshika kiuno kama mwanamke wa miezi tisa. Mwenye shamba, aliyekuwa aking'oa karanga zake upande wa pili, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mama wa ofisini," aliita, "ukiinama hivyo kesho hutaamka. Unainamia mgongo. Inama kutoka nyongani, magoti yalegee. Mgongo uache upumzike."

"Hivi?"

"Hivyo. Naam. Kuinama nako kuna shule yake."

Vibarua waliangua kicheko, na Sentimita, ambaye kwa miaka kumi na sita hakuna kibarua aliyethubutu kucheka mbele yake, akacheka pamoja nao. Alipapasa, akapima, akaandika. Kucha zilimkatika. Nyasi zilimchana viganja. Siku ya pili aliacha kuuliza saa. Siku ya tatu, Jumapili jioni, walikuwa wamevipata vigingi mia mbili na saba. Vitano havikuonekana kabisa, na Kamba alishauri waviandike kwa kukadiria.

"Hapana," alisema Sentimita. "Tutaandika kwamba hatukuviona. Fomu itapiga kelele, nami nitainyamazisha."

Alisafiri usiku kucha, akafika mjini Jumatatu alfajiri. Aliweka kila kinasa mahali pake pa kweli, akaieleza kompyuta kwamba pale palikuwa na ardhi laini, akaiacha ichore upya bega la mashariki. Mashine ilikoroma siku nzima na zaidi. Jumanne alasiri picha ilifunguka mstari kwa mstari, na yeye alisimama mbele yake. Bonde halikuwepo. Sufuria ilikuwa nzima. Lakini haikuwa ile ambayo pasi ingeichora: ilikuwa ndogo zaidi, na kilele chake kilikuwa mita mia tisa upande wa magharibi. Alikaa chini, akalia kidogo, akajipangusa, akampigia mama yake. "Nimefumua," alimwambia. "Na fundi alikuwa ni mimi." Mama alisema alijua.

Jumatano kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye meza ndefu. Sentimita aliweka picha mbili mezani, ya kwanza na ya pili, akaeleza bila kumung'unya maneno kwamba kosa lilitokana na sheria yake mwenyewe, na kwamba kiongozi wa kikosi ndiye aliyehifadhi ukweli kwenye daftari. Mkurugenzi alikuwa akiitazama dari. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alivua miwani.

"Zote mbili umezileta wewe," alisema. "Kwa nini tuiamini ya pili?"

"Kwa sababu ya kwanza niliichora kabla sijaenda. Hii, kati ya vigingi mia mbili na kumi na viwili, mia mbili na saba tumevigusa kwa mikono. Vitano hatukuviona, na vimewekwa alama hapa ili mjue mashaka yalipo."

Mwenyekiti aliziangalia alama tano zile. Kisha, kwa bahati tu, macho yake yakashuka kwenye mikono iliyokuwa ikizionyesha, kucha zilizokatika na mikwaruzo ambayo haijapona. Hakuuliza lingine. Kamati ilikubali kuchimba, mahali alipoonyesha, na Sentimita akatia sahihi.

Miezi kumi ilipita. Upimaji mwingine ulikuwa umepangwa kwenye nyika jirani, na safari hii mpango haukuchorwa ghorofa ya nne. Sentimita na Kamba waliutembea wenyewe kwa miguu wiki tatu, wakiuliza wenye mashamba watapanda lini na watavuna lini. Fomu mpya ilikuwa na nafasi mbili ambazo ya zamani haikuwa nazo: "Kigingi kimehamia wapi?" na "Kwa nini?" Haikuwa na rangi nyekundu.

Siku hiyo simu ilipolia, Sentimita alikuwa ameinama kwenye kichaka, mkono mmoja ukishikilia kigingi. Kamba aliipokea.

"Ni Mkurugenzi," alisema. "Anataka kuongea nawe sasa hivi."

"Mwambie aseme nitamsikia. Mikono yangu ina udongo."

Kamba akaweka sauti kubwa. Ilisikika ya mtu anayepumua kwa shida. "Yamepatikana," alisema Mkurugenzi. "Mafuta, kina kilekile ulichoandika. Mhandisi wa kisima amepiga hesabu zake. Anasema tungechimba kule mashariki nilikotaka mimi, tungetoa maji ya chumvi matupu. Dada, umesimama? Sikiliza vizuri, yamepatikana."

"Nimesikia, bosi. Mungu mkubwa," alisema Sentimita. "Lakini sijasimama."

Aligonga kigingi mara mbili kwa jiwe, akafuta vumbi kwenye kibati, akasoma namba yake kwa sauti ili Kamba aiandike. Wakubwa waliosimama wima walikuwa wameitazama ardhi ile kwa miaka mingi bila kuona kitu. Ilimfungukia yule aliyekubali kugusa tope lake, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.